Chupa ya Bibi Yuliana

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Elida alikuwa na kazi tatu nyumbani kwao Ujiji. Alifagia uwanja, akachemsha uji, kisha akamsomea bibi yake mistari michache ya Zaburi. Bibi Yuliana alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili. Aliona mwanga na vivuli tu. Mtu akiingia uani, bibi alimtambua kwa mwendo wake kabla hajasalimia. Elida alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na watu walizoea kusema kwamba yeye ndiye macho ya bibi. Jambo hilo lilimpendeza sana.

Asubuhi moja wakati wa masika, kazi ya tatu haikufanyika. Elida alikuwa ameshuka ziwani kusuuza sufuria akakuta maji yamebadilika rangi. Utando wa rangi ya chungwa ulikuwa umetanda juu yake mpaka mbali, na harufu ya mawese ilijaa ufukweni. Kisha madumu ya manjano yakaanza kufika, moja moja, polepole, yakigonga mawe. Siku nyingine watoto wangeyakimbilia. Siku hiyo watu walisimama tu wakiyatazama, na hakuna aliyeinama kuokota.

Dumu moja lilikuwa limefungwa kitambaa chekundu kwenye mkono wake. Elida alikifahamu kitambaa hicho. Alikichana yeye mwenyewe kutoka kanga kuukuu ya mama yake, akampa baba mdogo Feliksi ili asipotezane na mizigo yake. Feliksi, mdogo wake baba, alinunua mawese katika vijiji vya kusini na kuyaleta Ujiji kwa boti.

Boti iliyozama ilikuwa na watu kumi na tisa. Kumi na mmoja waliokolewa. Wanane hawakuonekana, na Feliksi alikuwa mmoja wao. Siku zilipita, ziwa likatulia kana kwamba halikufanya lolote. Baada ya wiki mbili wavuvi walileta miili mitano waliyoiokota mbali, upande wa kusini. Maji yalikuwa yameharibu sura zao, na hata ndugu zao hawakuweza kuwatambua. Miili ilihifadhiwa hospitalini, kila mmoja ukipewa namba badala ya jina.

Bibi Yuliana hakutaka kusikia habari za namba. Asubuhi ile Feliksi alipoondoka, bibi alikuwa amembariki kama alivyobarikiwa yeye na mama yake zamani. Alimtemea mate kidogo kifuani na kumwambia, "Nenda kwa amani, urudi kwa amani." Bibi aliamini kwamba mtu aliyeondoka na baraka hiyo lazima arudi. Kila jioni aliagiza sahani ya Feliksi ipakuliwe na kufunikwa. Kila asubuhi Elida alikuta ugali umekauka, akaumwaga kwa kuku.

Siku moja mtaalamu wa maabara aitwaye Winfrida alifika nyumbani kwao. Baba yake Elida, Mzee Eliakimu, alikuwa Kalinzi kwenye kahawa, na mama alikuwa sokoni. Winfrida alimwamkia bibi kwa heshima, akaketi kwenye mkeka na kueleza alichofuata. Alisema mate ya mtu yana chembe ndogo sana zinazotoka ndani ya mashavu. Ndani ya chembe hizo mna vinasaba, ambavyo kila mtoto hupokea nusu kutoka kwa mama na nusu kutoka kwa baba. Vinasaba vya mama vikilinganishwa na vya marehemu, maabara hujua kama ni mtoto wake au siye. Feliksi hakuwa na mtoto, na baba yake alikwisha kufa. Hivyo mate ya mama yake ndiyo yaliyohitajika.

Winfrida alitoa kichupa chenye namba nne, namba ya familia yao. Kilikuwa na mstari ubavuni, na kifuniko chake kilibeba maji ya buluu. Mate yakifika kwenye mstari, bila kuhesabu povu, kifuniko hufungwa mpaka maji yale yashuke, kisha kichupa hutikiswa taratibu. Maji hayo huzuia mate yasioze, nayo yanaweza kukaa wiki nyingi bila friji, mradi yasianikwe juani. Bibi alisukutua mdomo kwa maji safi, wakaanza kusubiri nusu saa ipite bila bibi kula wala kunywa.

Kabla nusu saa haijaisha, mtu aliita kutoka nyumba ya jirani, ambako pia walikuwa wamempoteza kijana. Winfrida alimkabidhi Elida kichupa. Alimwambia amshikie bibi vizuri na kwamba angerudi baada ya muda mfupi.

Muda ulipotimia, Elida alikisogeza kichupa mdomoni mwa bibi. Bibi aligeuza uso ukutani.

"Mate yangu nilimpa akiwa hai," alisema. "Nikitema humo, nimekubali kwamba amekufa. Usinilazimishe, mjukuu wangu."

Elida alimsihi, lakini bibi hakugeuka. Nje, nyayo za Winfrida zilikuwa zinarudi. Elida alimwonea bibi huruma. Pia aliona aibu kwamba amepewa kazi ndogo na ameshindwa. Akafikiri kwamba damu ni moja, na mate ya mjukuu hayawezi kutofautiana sana na ya bibi. Aligeuka upande, akatema mara kadhaa ndani ya kichupa mpaka kwenye mstari, akafunga kifuniko. Maji ya buluu yakashuka. Winfrida alipoingia alimkuta anakitikisa taratibu, akamsifu kwa kazi nzuri.

Shuleni habari zilikuwa zimekwisha kuenea. Hamdani, aliyekaa dawati la nyuma yake, alimwambia, "Elida, mate ya bibi yako yameshapanda ndege kwenda maabara. Wewe hata hapo Mwandiga hujafika." Darasa likacheka. Elida naye alijaribu kucheka, kisha akainamia daftari lake.

Majibu yalikuja baada ya wiki tatu. Miili minne ilipata majina na kuchukuliwa na ndugu zao. Mwili wa tano haukulingana na familia yoyote iliyotoa mate. Kuhusu kichupa namba nne, majibu yalisema kwamba mwenye mate hayo si mama wa marehemu yeyote kati ya hao watano.

Nyumba nzima ilifurahi. Bibi alisema kwa sauti ya chini, "Nilisema mimi," kisha akakaa kimya siku nzima. Mzee Eliakimu alipiga magoti akamshukuru Mungu. Kama Feliksi hakuwa miongoni mwa wafu, alisema, basi huenda mawimbi yalimtupa ng'ambo, upande wa Kongo, naye amelala mahali mgonjwa bila simu. Akaamua kuvuka kwenda kumtafuta. Boti ya mizigo ingeondoka Jumatatu alfajiri. Jumatatu hiyohiyo, hospitali ilitangaza, mwili wa tano ungezikwa bila jina, na juu ya kaburi ungewekwa ubao wenye namba.

Elida alihesabu siku. Usiku hakulala vizuri, na mchana kila alichokiona kilimtisha. Mawingu yalianza tena kujikusanya juu ya milima ya ng'ambo kila alasiri. Begi la baba lilikuwa tayari karibu na mlango, na mama alikuwa amefunga juu yake kitambaa chekundu ili lisipotee. Mama hakujua habari za dumu lile. Elida alikifungua kitambaa mara mbili, na mara zote mbili mama alikifunga tena.

Jumapili kanisani, mzee wa kanisa aliwaomba waumini wamwombee Eliakimu safari njema. Watu wote walisema "Amina." Elida alifungua mdomo, sauti haikutoka. Ulikuwa mdomo uleule uliotema ndani ya kichupa. Alijaribu kusali peke yake, na sala yake ikaishia kwenye maneno mawili: Bwana, nisaidie. Hapo alielewa kwamba hakuwa na haki ya kumwomba Mungu amlinde baba huku yeye mwenyewe akimwacha aende kwa uongo.

Walipofika nyumbani alimkuta bibi ameketi jikoni akipepeta karanga za safari kwa kupapasa. Elida alipiga magoti mbele yake.

"Bibi, mate ya kwenye kichupa hayakuwa yako. Yalikuwa yangu."

Ungo ulisimama mikononi mwa bibi.

"Najua," bibi alisema.

Elida aliinua uso.

"Mabovu ni macho yangu, mjukuu wangu, si masikio. Nilikusikia ukitema. Majibu yalipokuja nilijua si majibu yangu. Lakini yalinipendeza, nikanyamaza. Wewe ulidanganya mara moja. Mimi nimedanganya kila jioni nilipofunika sahani ile." Akauweka ungo chini. "Na kesho nilikuwa namtuma mwanangu wa pili majini. Niitie baba yako."

Mzee Eliakimu alisikiliza akiwa amesimama mlangoni. Hakumpiga Elida, wala hakumgombeza. Aliketi chini polepole. Kisha alitoa simu akampigia Winfrida.

Winfrida alifika jioni hiyohiyo na kichupa kipya. Kabla ya yote alisema kwamba kosa la kwanza lilikuwa lake, kwani hakupaswa kumwachia mtoto kazi ile na kuondoka. Alieleza pia kwamba Elida ni mtoto wa kaka yake Feliksi. Vinasaba vyao vinafanana kwa sehemu, lakini si kama vya mama na mwanawe. Maabara iliulizwa kama mwenye mate ni mama wa marehemu, ikajibu kweli kwamba siye. Kisha alizungumza na hospitali kwa simu, na wakakubali mazishi yasubiri.

Bibi alisukutua mdomo. Nusu saa ilipita, na safari hii hakuna aliyetoka. Bibi alijaribu kutema, lakini mdomo wake ulikuwa mkavu kabisa. Winfrida alimwambia asugue mashavu kwa nje, taratibu. Bibi akasugua, bila mafanikio. Machozi yalimtoka kwa wingi, mate hayakutoka.

Elida alimshika mkono. "Bibi, sema yale uliyomwambia baba mdogo asubuhi ile."

Bibi alifumba macho. "Nenda kwa amani," alisema. "Urudi kwa amani." Akameza, akarudia tena yaleyale, na mate yakaja. Alitema kidogo kidogo, akipumzika, mpaka Winfrida alipomwambia yamefika kwenye mstari. Bibi mwenyewe ndiye aliyezungusha kifuniko.

Siku kumi baadaye Winfrida alirudi akiwa amevaa nguo za heshima. Walipomwona hivyo walijua kabla hajasema. Mwili wa tano ulikuwa wa Feliksi.

Walimzika kijijini Simbo, kwenye shamba la familia, kando ya kaburi la baba yake. Hakukuwa na ubao wa namba. Kulikuwa na msalaba wenye jina lake kamili, na Elida ndiye aliyeongozwa na fundi kuandika herufi kwa rangi nyeupe. Bibi alipapasa herufi moja baada ya nyingine mpaka mwisho wa jina.

Jioni, watu walipokuwa wakitawanyika, bibi alimwita Elida aketi karibu naye.

"Nilidhani baraka yangu imeshindwa," alisema. "Nilimwambia arudi kwa amani, na kwa muda wote huo alikuwa hapo hospitalini akingoja mimi niseme kweli. Sisi wawili ndio tuliomzuia mlangoni. Huruma yako ilikuwa nzuri, mjukuu wangu, lakini uliifunga ndani ya uongo, na uongo huo ulikaribia kumchukua baba yako. Ukimhurumia mtu, mshike mkono mkaukabili ukweli pamoja. Usimfichie. Mungu hakunipa mjukuu awe macho yangu ili anionyeshe yale tu ninayopenda kuyaona."

Kisha akamtemea mate kidogo kifuani, kama alivyofanya kwa Feliksi. Elida hakuyafuta.

Asubuhi iliyofuata alifagia uwanja, akachemsha uji, akafungua Zaburi. Kabatini, sahani ya Feliksi ilikuwa imeoshwa na kuwekwa pamoja na nyingine.