Matofali ya Kasha

Kila siku baada ya masomo, Cibalonza alitakiwa kupita kwenye kiwanja cha wajane, kule Kasha, kabla ya kurudi nyumbani. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Baba yake, Papa Venant, mchoraji wa ramani za nyumba katika ofisi moja ya Ibanda, alikuwa amewachorea wajane wa parokia nyumba ya kulelea yatima, bila malipo. Fedha za chama cha parokia kilichogharamia ujenzi zilikuwa chache, na kuchoma matofali kungemaliza miti ya mlimani. Kwa hiyo alitaka kujenga kwa udongo ulioshindiliwa na kuchanganywa na saruji, chini ya paa pana la kuzuia mvua.

Alitengeneza matofali ya majaribio: mengine karai moja la saruji kwa makarai ishirini ya udongo, mengine karai moja kwa kumi. "Yaache yanyeshewe wiki tatu," alimwambia binti yake. "Yaangalie kila siku, uandike unachokiona."

Siku nne Cibalonza alikwenda. Siku ya tano wasichana wa darasa lake walimfuata wakiimba, "Binti wa matope! Binti wa matope!" Mmoja akamrushia tope mgongoni. Tangu hapo alipita njia nyingine. Kila jioni aliandika daftarini: "Yote mazima." Wiki tatu zilipokwisha, baba akamwamini, akachagua yale yenye saruji kidogo.

Jumamosi moja, watu walipomaliza kazi ya pamoja ya salongo, chama kilikutana. Mwenyekiti, Mzee Cirimwami, ambaye tangu mwanzo alitaka nyumba ya mawe, aliweka mezani tofali moja la majaribio. Akalibonyeza kwa dole gumba. Likamong'onyoka.

"Hii ndiyo nyumba yenu!" alifoka. "Venant iko mwongo. Anataka kutuzikia watoto!"

"Atoke! Atoke!" watu walipiga kelele kutoka nyuma.

Papa Venant alifungua daftari. "Binti yangu aliyaona..."

 Cibalonza akasimama. "Papa hakudanganya. Ni mimi. Sikwenda kuyaangalia tangu wasichana waliponirushia tope."

"Amefundishwa kusema!" Cirimwami alimkatiza. Baba hakumtazama binti yake.

Maman Domitille, kiongozi wa wajane, akainuka. "Matusi hayajengi nyumba. Twende kiwanjani sasa hivi."

Walishuka wote wakisukumana na kulaumiana. Matofali ya saruji kidogo yalikuwa yamelika na mvua. Yale mengine yalikuwa imara, kingo zake zikionekana wazi. Cirimwami alichukua moja, akalipiga kwenye jiwe kwa hasira. Lilimeguka kona tu. Akalipiga tena. Mwishowe akatema mate, akaondoka bila kuaga.

Chama kikakubali yale imara, na ili saruji itoshe, Papa Venant alifuta baraza na chumba kimoja kwenye ramani. Likizo yote Cibalonza alishindilia udongo pamoja na wajane. Wasichana walikuja kumcheka, hakuinua kichwa. Mvua za Septemba zilipoanza, yatima kumi na wanne walikuwa wamehamia ndani, na kuta zilikuwa kavu.

Ndipo baba alipozungumza naye kuhusu jambo lile.

"Ungeniambia wamekurushia tope, ningekwenda kuyaangalia mwenyewe. Uliandika usichokiona, na ukuta ungewaangukia watoto usingizini. Lakini ulisema kweli mbele ya watu waliokuwa wanatuzomea, ndiyo maana wamepata pa kulala. Siku nyingine, mwanangu, iseme mapema."

"Ndiyo, Papa."

"Haya, twende. Bado kuna ukuta wa jikoni."