Spika ya Miguuni

Jumamosi, tarehe tisa Agosti. Asubuhi ilianza na manyunyu, na ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya nyumba. Chiriku na mchumba wake walikuwa wamepiga magoti sebuleni kwa mama yake Chiriku, viwiko juu ya kochi.

"Ee Mungu," mchumba aliomba, "mrudishie sauti yake. Kama kuna dhambi, tuonyeshe tutubu."

"Amina," Chiriku alisema huku analia.

Jina hilo alibandikwa na bendi kwa jinsi alivyokuwa akiimba. Mchumba wake ndiye aliyeendesha mitambo ya bendi hiyohiyo, na wote walimwita Fundi. Kesho yake wazee wa pande mbili wangekutana sebuleni humo kusikia kama binti anakubali kuolewa. Lakini kilichomnyima usingizi ni onyesho la leo. Kiongozi wa bendi kubwa, aliyewahi kutaka kumchukua akazunguke nao mwaka mzima, alikubali kuja kumsikiliza mara ya mwisho. Tangu siku ile alipomtaka, Chiriku hakuwahi kumaliza onyesho bila sauti yake kutoka nje ya ufunguo wa wimbo.

"Nikishindwa leo naacha kuimba. Nimemwambia Mungu."

"Usiape, mpenzi."

"Nimeshaapa. Kanisani naimba vizuri. Tukijaribu mitambo kabla watu hawajaingia, naimba vizuri. Watu wakijaa tu, nalia kama mbuzi aliyefungwa kamba fupi. Kama si laana ni nini?"

Fundi alimfuta machozi kwa kidole gumba.

"Mungu ana makusudi yake," alisema.

Ukumbi wenyewe ulikuwa na kuta za saruji tupu na paa la bati. Ukiwa hauna watu, ukipiga makofi mle yanakurudia kama kuna mtu anakudhihaki. "Watu ndio mapazia yetu," Mzee Besi, mpiga gitaa zito wa bendi, alizoea kusema. "Wakijaa, wanakunywa mwangwi wote." Mchana ule walijaa.

Kabla ya kupanda jukwaani, simu ya Chiriku ilitetema. Ulikuwa ujumbe wa Fundi: "Usiogope. Niko mwisho wa ukumbi, nakuangalia wewe tu."

Spika kubwa za ukumbini ni za watu. Mwanamuziki hujisikia kwa spika ndogo iliyolala mbele ya miguu yake, na sauti za spika hizo ndogo zote zilikuwa chini ya vidole vya Fundi. Chiriku alipoanza wimbo wa kwanza alisikia ngoma, akasikia kinanda, ila yeye mwenyewe hakujisikia. Akafanya kama afanyavyo yeyote asiyejisikia, akasukuma sauti. Ikapanda, ikapita ufunguo. Watu wa mbele wakatazamana.

"Huyu naye kameza nini leo?" mmoja alisema. Kicheko kikazunguka meza.

Mwitikiaji alikuwa mgonjwa siku hiyo, kwa hiyo wimbo wa tatu Mzee Besi aliacha sehemu yake akaja kusimama ubavuni mwa Chiriku kumwitikia. Aliitikia mara moja, kisha akanyamaza, akainamisha sikio. Akamtazama Fundi kule mwisho, akanyoosha kidole juu: mpandishe. Fundi alimwona. Kisha akainamia mitambo yake kana kwamba hakuona kitu.

Wakati wa mapumziko mzee alimvuta Chiriku kwenye ujia wa nyuma.

"Mwanangu, umesimama pale miezi yote hii bila sauti yako?"

"Sauti yangu ndiyo imeondoka, mzee."

"Haijaondoka. Kwenye spika yangu nakusikia kama redio. Kwenye yako husikiki kabisa."

"Labda imeharibika."

"Tulipojaribu mitambo leo, ukumbi ukiwa mtupu, ilikuwa imeharibika?"

Chiriku aligeuka kutazama mlango wa ukumbini.

"Nimemwonyesha kidole. Ameniona."

"Mzee, yule tunasali naye kila asubuhi. Kesho anakuja kwetu na wazee wake."

"Basi usiniamini mimi. Kipindi cha pili njoo usimame pangu. Pale hawezi kukushusha, mimi nitapiga kelele mbele ya watu wote."

Kipindi cha pili Chiriku aliitoa maiki kwenye stendi yake, akavuka jukwaa, akasimama mbele ya spika ya mzee. Alifungua kinywa, na sauti yake ikamrudia kutoka miguuni, nzima, kama alivyoijua. Hakusukuma. Ukumbi ulinyamaza kwanza, halafu meza ile iliyomcheka ikasimama.

Aliangalia kiti cha kiongozi wa bendi kubwa. Kilikuwa kitupu. Alikuwa ameondoka wakati wa mapumziko.

Watu walipokwisha kutoka, alimkuta Fundi akikunja waya kwa kuuzungusha kwenye kiwiko.

"Ulinishusha."

"Watu wakijaa kelele zinakuwa nyingi. Spika ingepiga mluzi."

"Kwa Mzee Besi haikupiga mluzi."

Fundi aliendelea kukunja. Waya uliisha, naye akawa anazungusha mkono mtupu.

"Ilikuwa iwe siku moja tu," alisema mwishowe. "Waliposema watakuchukua mwaka mzima, nikasema, akiteleza mara moja watamwacha. Utabaki."

"Na mara ya pili?"

"Ile ya kwanza uliporudi ulilia, ukanishika usiniachie. Hukuwahi kunishika vile."

Chiriku alikaa juu ya sanduku la mitambo.

"Asubuhi hii ulipiga magoti. Uliomba kwa sauti, nikasikia."

"Niliomba kweli."

"Kimoyomoyo uliomba nini?"

"Bora usijue," alisema Fundi.

Usiku Fundi aliandika: "Nitakuja kesho kama tulivyopanga. Nisamehe, yaishie kwetu wawili." Chiriku alijibu neno moja: "Njoo."

Jumapili sebule ilijaa. Fundi alikuja na baba yake mdogo na shangazi zake. Baba mdogo ndiye aliyekuwa msemaji.

"Kijana wetu si mwongeaji," alisema, "lakini mikono yake ni dhahabu. Redio gani imemshinda?"

"Yangu," alijibu mjomba wa Chiriku. "Tangu aitengeneze inashika matangazo ya vifo tu."

Watu walicheka, hata shangazi. Fundi hakucheka. Mama alimgeukia binti yake.

"Haya, mwanangu. Wakwe wanasubiri neno lako."

Chiriku alisimama.

"Kwanza yeye awaambie tulikuwa tunaomba nini kila asubuhi kwenye kochi hilo, na sauti yangu ilikuwa wapi."

"Chiriku, tafadhali," Fundi alisema.

"Waambie. Au niwaambie mimi?"

Fundi aliwaambia. Alisema polepole, macho yakiwa sakafuni, na hakuacha kitu, hata ile sala ya kimoyomoyo, kwamba Chiriku ashindwe abaki. Shangazi mkubwa alijifunika uso kwa ncha ya mtandio. Mama aliondoa mkono juu ya kochi, kana kwamba limelowa.

"Ni mapenzi yalimzidi," baba mdogo alijaribu. "Kijana amekiri. Msamaha upo, au haupo?"

"Upo, baba. Nimeamka nao alfajiri, na sitamnyang'anya tena."

"Sasa je?"

"Sasa nataka mnisikie nyote, muwe mashahidi wangu." Sauti yake haikutoka nje ya ufunguo. "Mbele ya Mungu na mbele yenu naahidi hivi. Kiapo cha kuacha kuimba nilikiapa kwa sababu ya uongo wa mtu, nakitangua leo. Nitaimba, hata kama hakuna bendi itakayonichukua. Sitamwombea huyu mabaya. Lakini sitapiga magoti ubavuni mwake tena, si kesho wala uzeeni, na sala yake sitaiitikia Amina mpaka naingia kaburini."