Mgeni Mwenye Harufu ya Bisi

Mlango wa jikoni uligongwa wakati Marlys ameinamia sufuria, naye akajibu bila kugeuka, kama alivyojibu maisha yake yote: "Ingia, kuko wazi." Mlango ukafunguka, baridi ya Januari ikampita visiginoni, mlango ukafungwa. Mtu akakung'uta theluji miguuni, kisha kiti cha dirishani kikavutwa. Marlys akaendelea kukoroga mchuzi huku akiuliza kama mgeni anakunywa kahawa ya maziwa au kavu. Hakujibiwa. Alipogeuka aliona kiti kimevutwa kweli, na zulia la mlangoni limelowa, lakini mtu hakuwapo.

Hata kushangaa alichoka. Alikuwa ametoka kuwapikia watoto wa shule nzima, miguu imemvimba, na siku zile nyumba yake haikukaukiwa wageni asiowajua. Akachukua tambara akafuta maji. Kilichomsumbua ni harufu. Jikoni palinuka bisi za siagi, za moto, kama vile kuna mtu amekaa hapo na bakuli lake mapajani, na mle ndani hakuna aliyekaanga bisi.

Wageni wale waliletwa na filamu. Miaka ya nyuma shemeji yake, Darrell, alimpiga risasi mkewe Joleen, dada yake Marlys, akampiga na mwanawe mdogo, Cody. Binti yao Kaia alipona kwa sababu usiku ule alilala kwa Marlys. Darrell akafungwa maisha, na Marlys, ambaye hakuwa na mume wala mtoto, akamlea Kaia. Mji mzima ulijua na mji mzima ulinyamaza, maana watu wa Minnesota ya magharibi watakuletea chakula mwezi mzima ukifiwa, ila swali hawakuulizi ng'o. Kimya kile kilimfaa sana Marlys. Alidhani atazeeka nacho.

Wakaja watengeneza filamu. Angewakatalia, lakini walikuwa wameendesha gari kutoka mbali, na kwao Marlys hakuna aliyefundishwa kumkatalia mtu aliyetoka mbali. Ikatoka filamu ya sehemu nne. Darrell alihojiwa gerezani, akalia vizuri sana. Marlys alieleza alivyowakuta maiti, macho makavu, na alipomaliza akawaambia wapiga picha kuna keki mezani, jamani msiiache. Wale mabwana wakaiacha keki ndani ya filamu.

Basi hapo watazamaji wakapata kazi. Mtu gani anagawa keki baada ya maneno kama yale? Mbona halii? Na kwa nini alimchukua yule msichana usiku uleule, wa kiume akamwacha? Waliandika kutwa kucha, kila mmoja na maoni yake, wengi wakakubaliana kwamba dada mtu anajua kitu, na baadhi wakasema wazi kwamba bunduki aliishika yeye. Wengine hawakutosheka na kuandika, wakaja na magari yao kuiona nyumba. Marlys akawamiminia kahawa. Wakanywa huku wanamtazama mikono, wakashukuru, wakaenda kuandika zaidi.

Waliyosema walimwengu hayakumkosesha usingizi. Walimwengu ni walimwengu. Aliogopa jambo moja tu, Kaia asije akawaamini. Mtoto yule ndiye aliyebaki katika damu yake yote. Hakumkataza kuitazama filamu, alimwomba tu asiitazame. Kaia alikuwa na miaka kumi na sita, na unajua mwenyewe ombi la namna hiyo linavyofika kwa mtu wa umri ule.

Jioni ya pili tangu mlango ule ugongwe, kiti kilisema. Marlys alikuwa anakausha sahani, na nyuma yake sauti ya mwanamke, tulivu, ya mtu aliyejifunika blanketi nyumbani kwake, ikasema, "Mimi naona huyu dada si bure." Sauti ya mwanamume ikaitikia, "Mtazame mikono." Ikafuata ya tatu, ya kijana, mdomo umejaa, "Mimi ningekuwa polisi ningeanza na huyu." Hazikuwa na chuki hata kidogo. Zilizungumza kama watu wanaongojea chakula cha jioni kiive. Marlys akashika ukingo wa sinki, na kwa vile alilelewa kutomwacha mtu bila jibu, akajibu, taratibu, kwamba yeye hakufanya lolote.

Kisha sauti zote pamoja zikavuta pumzi ya kuridhika, na ile harufu ya siagi ikawa nzito zaidi.

Kosa lilikuwa hilo. Jini wa namna hii halishwi damu wala ubani, hushiba majibu. Kila jioni aliuliza na kila jioni Marlys alijibu, na kila jibu lilizaa maoni mapya, na sauti zikaongezeka mpaka kiti kimoja kikawa na watu wa kujaza ukumbi. Mchungaji aliitwa. Alisoma, akaomba, akapaka mafuta kwenye miimo ya milango, na muda wote ule kiti kilitulia kwa adabu kama muumini wa siku nyingi. Alipoondoka tu, sauti ya mwanamke ikasema, "Kamwita mchungaji. Asiye na hatia anamwita mchungaji wa nini?"

Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Marlys hakuwa na roho ya kumpa mtu jembe, na ardhi yenyewe ilikuwa chini ya theluji. Akawa anarudi kutoka kazini anakaa kwanza ndani ya gari, injini imezimwa, mpaka vidole vinakufa ganzi, kwa kuchoka tu, kwa kutotaka kuingia kwake mwenyewe.

Jioni moja aliingia akakuta taa ya jikoni haijawashwa, na katika ule mwanga wa buluu wa theluji unaobaki dirishani jua likishazama akamwona Kaia amekaa mezani, mgongo umenyooka, mbele yake kikombe cha kahawa kinafuka moshi, na ng'ambo ya meza, mbele ya kiti cha dirishani, kikombe cha pili kinafuka pia, na mtoto anatikisa kichwa polepole kama mtu anayeelezwa jambo likamwingia, anatabasamu kidogo, anasema "ndiyo" na "kumbe" na "hilo sikulijua," na kile kikombe cha pili, ambacho hakuna mkono uliokigusa, kinapungua kahawa taratibu, mstari wa unyevu ukishuka kwenye kuta zake nyeupe, mpaka kikabaki kitupu.

"Unaongea na nani, mwanangu?" Marlys alinong'ona.

"Wanajua mambo mengi kuhusu mama," Kaia akasema. Hakugeuka. "Wewe hujawahi kuniambia hata nusu yake. Mamdogo, kwa nini usiku ule ulinichukua mimi, Cody ukamwacha?"

Marlys akamweleza. Kaia alikuwa na kikohozi, zahanati ilikuwa karibu na kwa Marlys, na Joleen aliomba apelekwe huko asubuhi na mapema. Ni hivyo tu. Hakuna zaidi. Alilisikia neno lake mwenyewe likitoka jembamba, limechakaa kama kitambaa kilichofuliwa mno, kwa sababu alikuwa amelisema kwa polisi, kwa mahakama, kwa kamera, na kwa kile kiti jioni baada ya jioni.

"Umeona alivyosita?" kiti kikamwambia Kaia kwa upole.

Kaia akamtazama Marlys. Yalikuwa macho ya kumpima, yaleyale ya wageni wanaokunywa kahawa yake. Hofu iliyomshika Marlys pale hakuwahi kuijua, hata siku ile alipofungua mlango wa dada yake.

Alikwenda kwa Bi Ardis, jirani, mwanamke mwenye masikio mazito aliyesimamia chakula cha kila msiba wa kanisa mpaka magoti yakamshinda. Alimweleza yote kwa kupiga kelele sebuleni, jambo la aibu kwa watu wa kwao. Bi Ardis hakuonyesha kushtuka. Aliuliza swali moja, kama mgeni yule aligonga na akakaribishwa. Marlys akakiri.

"Basi mchungaji ungemwacha apumzike," Bi Ardis akasema. "Huwezi kumfukuza uliyemwambia ingia. Aliingia kwa adabu, atatoka kwa adabu. Msindikize. Umfungie chakula, umfikishe barabarani, umpungie mkono. Asikuchokoze ukamjibu. Na lile neno la mwisho tunalomwambia kila mgeni, leo limeze."

Kwao kumsindikiza mgeni ni kazi ya jioni nzima, na haina njia ya mkato. Jioni ileile Marlys alikaa mkabala na kile kiti, akapiga mapaja kwa viganja vyote viwili, akasema, "Haya basi," ishara ya kwao ya kuanza kuagana. Kiti kikasogea. Wakasimama jikoni, yeye na ile harufu, wakasemezana habari za baridi, maana yeye alisema na mgeni akaguna. Wakasimama tena mlangoni. Akamfungia mgeni kipande cha keki kwenye karatasi ya aluminiamu, akakinyoosha hewani, kikachukuliwa. Wakatoka uani, kukiwa bado na mwanga wa kuonea njia.

Alitangulia yeye. Nyuma yake theluji ikaanza kulia chini ya nyayo, kwanza za mtu mmoja, kisha nyingi, na alipotupa jicho begani aliona alama zikijichora zenyewe juu ya weupe, ndara za chumbani, soksi, viatu laini vya manyoya, miguu mitupu ya watu waliotoka kitandani, alama za watu ambao hawakuwahi kutoka nje ya nyumba zao, na wote wakimuuliza kwa sauti zile za kuchoka na kushiba, ulisikia risasi, kwa nini huolewi, ulimpenda Darrell, nyumba ile uliirithi wewe, keki ilikuwa ya nini, keki ilikuwa ya nini, naye akaenda mdomo ameufunga, machozi yakimtoka sasa, yakiganda mashavuni, na hakuna aliyeyaona isipokuwa wao, na wao wakasema anaigiza.

Walipofika barabarani akajiweka kando. Nyayo zikampita, zikavuka tuta la theluji, zikaingia kwenye lami iliyokwanguliwa theluji, zikakoma. Akainua mkono akapunga. Neno la mwisho lilimjia kooni kwa mazoea ya miaka hamsini, akaling'ata mpaka akaonja damu. Harufu ya siagi ikapungua, ikaisha. Alibaki na baridi peke yake, safi. Alitaka tu kwenda kulala.

Aligeuka. Kaia alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni bila viatu, mkono ameuinua juu, anapungia barabara kama Marlys alivyomfundisha tangu mdogo.

"Karibuni tena," Kaia akasema, kwa sauti ya kuwafikia.

Marlys alikimbia uani akianguka na kuinuka. Alimshika mtoto mabega. "Umejisahau, mwanangu. Sema umejisahau tu."

"Sijajisahau, mamdogo." Kaia akaitoa mikono ile mabegani mwake, mmoja, kisha wa pili, kwa heshima zote. "Hawakuwa wamemaliza kunieleza. Na wewe njia nzima hukuwajibu hata mara moja. Nimesikia."

Akaingia ndani kubandika kahawa, mlango akauacha wazi. Nyuma ya Marlys, kutoka barabarani, theluji ikaanza kulia.