Mafuta Aliyozaliwa Nayo

Katika mtaa wa Bi Mwanarusi kule Msambweni, mtoto akizaliwa, kabla hata hajapewa jina, watu huulizana, "Bi Mwanarusi ameitwa?" Yeye ndiye aliyewaosha watoto wachanga wa mtaa mzima. Aliwaosha, akawakanda, akawapaka mafuta ya nazi mpaka wakang'aa. Wengine sasa ni wanaume wenye ndevu, na akikutana nao sokoni huwakumbusha. "Wewe, usinipite bila salamu. Nimekuosha mimi!"

Basi fikiria alivyoshtuka siku bintiye Twaiba alipomwambia kwamba atajifungua ndani ya maji.

"Maji gani? Ya bahari?"

"La, Mama. Kuna kituo kidogo cha uzazi huko Diani. Wana birika kubwa la maji ya uvuguvugu. Mkunga amenipima, amesema mimba yangu haina matatizo, naweza."

"Na mtoto akinywa maji akafa?"

"Njoo umuulize mkunga mwenyewe."

Bi Mwanarusi alikwenda. Hakwenda kuuliza, alikwenda kulinda.

Siku ilipofika, alikaa kando ya birika tangu alfajiri, akimfuta bintiye jasho na kumsomea dua. Mkunga aliitwa Kathini, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa bara aliyekaa pwani miaka mingi. Saa moja asubuhi mtoto alitoka. Bi Mwanarusi alimwona wazi chini ya maji, kichwa na mabega. Alichovya mkono birikani kumwokoa, na dera lake likalowa hadi begani.

Lakini Kathini alikuwa amekwisha kumwinua. Alimlaza kifuani kwa Twaiba, uso ukiwa nje ya maji.

Mtoto hakulia.

"Mbona kimya?" Bi Mwanarusi alipiga kelele. "Mpige matako! Mpindue!"

"Hapana, Mama. Tazama kifua chake," alisema Kathini, huku akimpangusa mtoto kwa taulo kavu.

Kifua kilipanda, kikashuka. Ngozi iliyokuwa na rangi ya zambarau ilianza kuwa nyekundu. Mtoto alifumbua macho, akakunja vidole.

"Anapumua," alisema Kathini. "Wengine wanaozaliwa ndani ya maji huja kimya, kwa sababu wametoka kwenye joto wakaingia kwenye joto. Hawashtuki sana. Kama hangepumua, ningekuwa nimeshaanza kumsaidia kwa kifaa cha kumpa hewa. Kumpiga na kumning'iniza hakusaidii, kunaumiza."

"Na mle ndani ya maji alikuwa akipumua nini?"

"Hakuwa akipumua. Akiwa tumboni, mapafu ya mtoto yamejaa maji. Hewa anaipata kwa damu, kupitia kamba ya kitovu. Ndani ya birika kamba ilikuwa bado inamtosheleza. Uso wake ulipopigwa na hewa, ndipo alipovuta pumzi ya kwanza. Sasa yale maji ya mapafuni yananyonywa na mwili, na damu inapita mapafuni kuchukua hewa. Ndiyo maana tunamtoa mara moja, na akishatoka hatumrudishi chini tena. Na ndiyo maana hatufanyi hivi nyumbani, wala si kwa kila mama."

Kuishi kwingi ni kuona mengi. Bi Mwanarusi alimtazama mjukuu wake, mtoto wa kiume, mzima, na pua kama ya babu yake. Alimpenda papo hapo, akatokwa na machozi.

Waziri, baba mtoto, aliingia akamwadhinia mwanawe sikioni, kisha akatoka. Mtoto alinyonya kabla ya saa kupita. Kabla ya kwenda kwa mzazi mwingine, Kathini aliagiza jambo moja.

"Leo hatumwoshi. Tutamwosha kesho, saa ishirini na nne zikipita."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi. Mgongoni na makwapani mtoto alikuwa ametapakaa kitu cheupe, kama tui zito lililoganda. Wanawake wa rika la Bi Mwanarusi waliamini kwamba ule weupe unatokana na mume na mke kukutana mimba ikiwa kubwa. Ni aibu. Ndiyo sababu yeye aliwaosha watoto haraka namna ile, watu wasione. Na mama mkwe wa Twaiba, Bi Mwanaima, alikuwa njiani kutoka Ramisi, anakuja kumwona mjukuu. Auone weupe huo, aseme binti wa Mwanarusi hakufunzwa?

Sikio la kufa halisikii dawa. Twaiba alipokwenda kujisafisha, Bi Mwanarusi alimchukua mtoto, akamwosha kwenye sinki kwa maji na sabuni. Alisugua mgongo, akasuuza. Kazi ya dakika tano, aliyoifanya miaka arubaini.

Alipomaliza, mtoto alilia sauti nyembamba, kisha akanyamaza. Bi Mwanarusi alimshika nyayo. Zilikuwa baridi. Alimshika tumbo, nalo lilikuwa baridi. Midomo haikuchezacheza tena kutafuta titi.

"Kathini!" aliita. "Mwanangu, njoo! Nimemwosha. Nimemharibu mjukuu wangu."

Kathini alikuja mbio na kipimajoto. Joto la mtoto lilikuwa limeshuka sana.

"Maji yamekwisha kumwagika, Mama. Tusimngoje Twaiba. Fungua dera lako."

"Nifungue nini?"

"Dera. Kifua chako ndicho kitakachompasha moto."

Bi Mwanarusi alifungua dera. Kathini alimkausha mtoto vizuri, akamvika kofia na nepi tu, akamlaza kifuani kwa nyanya yake, ngozi kwa ngozi, uso umegeuzwa upande apumue vizuri. Akawafunika kwa leso mbili na blanketi.

"Tumboni alikuwa kwenye joto la mama," alieleza kwa upole. "Huku nje lazima ajitengenezee lake, na hajazoea. Ukimlowesha, joto linakimbia. Akipoa sana anaishiwa nguvu, hanyonyi, na anaweza kufa."

"Lakini nimewaosha wengi nao wakaishi."

"Wengi, Mama."

"Wengi," alirudia Bi Mwanarusi. Alikumbuka wachache waliogoma kunyonya, wakafa siku ya pili. Watu walisema ni jicho la hasidi. Machozi yalimdondoka juu ya kofia ya mtoto. Baadaye alinong'ona, "Ni ule weupe. Niliona haya kwa ajili ya binti yangu." Akaeleza imani yao.

Kathini alitabasamu. "Hata mwanamke ambaye mumewe yuko safarini miezi tisa, mtoto wake huwa nao. Ni mafuta. Yanatoka kwenye ngozi ya mtoto mwenyewe, kuilinda na maji ya tumboni. Akizaliwa, yanamkinga na vijidudu na ngozi haikauki. Yaache, yataingia ngozini yenyewe."

Twaiba alirudi, akaambiwa yote. Alikaa karibu na mamake, akamshika mkono. Kathini alipima joto mara kwa mara. Ilipita karibu saa nzima. Kisha kifuani kwa Bi Mwanarusi kitu kilitikisika. Mtoto aliinua kichwa kidogo, akafungua mdomo, akaanza kutafuta.

"Wee!" Bi Mwanarusi aliangua kicheko na kilio pamoja. "Mume wangu, hapa duka lilifungwa zamani! Nenda kwa mamako."

Joto lilikuwa limerudi. Twaiba alimpokea, naye akanyonya kwa pupa.

Hazikupita dakika nyingi, Bi Mwanaima akabisha hodi. Waliamkiana, wakakumbatiana. Alimpakata mjukuu, akamgeuza huku na huku kwa mapenzi. Mara akaona. Nyuma ya sikio na kwenye mikunjo ya mapaja, weupe ulikuwa umebaki. Uso ulimbadilika. Alishika ncha ya leso yake ili afute.

Bi Mwanarusi alihisi mashavu yakimwaka. Lakini alimshika mkono.

"Usifute, mkwe wangu. Ni mafuta yake aliyozaliwa nayo. Hayana uhusiano wowote na yale tuliyofunzwa. Mimi leo nimeyaosha, na nusura nimpoteze huyu." Akamsimulia yote, hata habari ya duka lililofungwa.

Bi Mwanaima aliiachia ncha ya leso.

"Waziri nilimsugua kwa mikono yangu," alisema, "mama yangu asije akaona. Mtoto alikuwa wa baridi siku mbili. Miaka thelathini na mbili nimeona haya, kwa mafuta ya mwanangu."

"Basi huyu kesho utamwosha wewe," alisema Bi Mwanarusi. "Kwa maji ya uvuguvugu, chapuchapu, na bila haya. Mimi nitashika taulo."