Hesi za Kuchorwa

Mfinyanzi, mtambo mpya wa kuchapa vitu vya chuma, hakuhitaji fundi. Ulimpa mchoro wa kompyuta, naye akayeyusha unga wa chuma na kuufinyanga mpaka kitu kikatoka vilevile kilivyoonekana kwenye skrini, mpaka rangi yake. Kipandio kipya cha Mbeya, chumba cha kioo kinachobeba watu kutoka mjini hadi kilele cha mlima Loleza, kilitoka chote tumboni mwa mtambo huo. Roboti wakakifunga bila mtu kugusa hata nati moja, na watu wakapiga makofi.

Mhandisi Atupele Mwakalinga ndiye aliyekichora. Asubuhi ya kwanza ya kubeba abiria alikuwa ofisini, akichezea bolti ya akiba iliyobaki mezani. Ilipendeza kweli. Hesi zake, ile mifereji inayozunguka bolti ili nati ipate pa kushika, zilionekana wazi toka juu hadi chini. Akapitisha ukucha. Ukateleza.

Akapitisha tena, ukateleza tena.

Ofisini kwao walikuwa na mazoea ya tangu zamani. Hesi halisi huifanya kompyuta iwe nzito, kwa hiyo walizificha, wakabandika picha yake tu juu ya bolti. Enzi za mafundi haikuwa na shida: fundi aliiona picha, akajua hapa anatakiwa kukata hesi. Mfinyanzi hakujua hayo. Alipewa picha, akachapa picha. Bolti zote za kipandio zilisukumwa tu ndani ya nati, zikashikiliwa na kubanana.

"Mkaguzi!" Atupele aliiita akili bandia iliyosimamia usalama. "Simamisha kipandio!"

"Kinashuka na abiria, Mhandisi. Kwa sababu gani?"

"Bolti hazina hesi!"

"Nimezitazama zote kwa kamera. Hesi zipo. Sisimamishi."

Ndani ya kipandio alikuwamo mumewe, Lusajo. Akampigia simu.

"Mama Tusekile! Ungekuja uone mji ulivyo kutoka huku!"

Akimwambia ukweli, watu wangekurupuka na chumba kingetikisika. Akaumeza.

"Baba Tusekile, kaa chini. Waambie na wenzako wakae."

"Kuna nini?"

"Wewe kaa tu, tafadhali. Usikate simu. Mkifika chini kuna kitu nitakuomba."

Alisikia chuma kikilia, kikanyamaza, kikalia tena. Kila mlio ulimkata maini. Lusajo alikuwa akimweleza habari za ukungu uliotanda bondeni, naye akiitikia "ehe, ehe" bila kusikia neno.

"Haya, tumefika," alisema Lusajo hatimaye.

"Umetoka? Umetoka nje kabisa?"

"Nimetoka, nimesimama ardhini. Mbona unalia?"

Akaketi sakafuni. "Ahsante Mungu, ahsante Mungu wangu," alirudia, akilia na kucheka. Hakuwahi kufurahi namna ile maishani mwake. Lusajo akambembeleza taratibu, akingoja anyamaze.

"Sasa niambie," alisema, "ulitaka kuniomba nini?"

Atupele akashtuka. "Mlango! Weka mguu mlangoni, usijifunge! Kuna watu kwenye foleni?"

"Walikuwepo watoto wa shule na mwalimu wao. Wameshapanda, mlango umeshafungwa," alisema Lusajo. "Wananipungia mikono."