Baruti Ndani ya Bati la Halua

Kijiko ndicho kilichoanza. Alkhamisi moja baada ya alasiri, Ishaq yuko nyumbani kwake Ghubra, Maskati, anakunywa kahawa, akasikia stoo kijiko kinachota ndani ya bati: krr, krr, krr. Akaenda kuchungulia. Hamna mtu. Kilichokuwamo ni harufu ya baruti iliyoungua, ilhali nyumba ile haikuwa tena na chembe ya baruti tangu siku ya moto.

Sasa huyu Ishaq, tuseme kweli, hakuwa mtu mbaya. Mvivu tu. Bunduki ya babu yake ilikuwa na kibali, kila harusi ya ukoo huambiwa ailize, na risasi zake akizijaza mwenyewe. Sanduku la mbao lenye kufuli la kuwekea baruti alikuwa nalo. Lakini mkebe wa baruti ulipoingia kutu, akaimimina kwenye bati tupu la halua, asiandike kitu, akaliweka juu ya rafu, ati mpaka kesho. Jamani, na nyumba gani ya Waswahili wa Maskati isiyoweka udi ndani ya bati la halua? Chembe nyeusi zile zile, bati lile lile.

Nansubuga, msichana wa Kiganda aliyewafanyia kazi miaka minne, akachota kijiko akidhani udi, akatia juu ya makaa ya chetezo, bati kalishika mkononi. Ikalipuka; mkono wa kulia ukaungua, na jicho la kushoto likapotea. Kabla polisi hawajafika, Ishaq alilificha lile bati lililobabuka nyuma ya magunia ya mchele. Kisha akawaambia, "Anachokorachokora vitu vya watu. Mimi sanduku nnalifunga siku zote." Nansubuga akapandishwa ndege na bendeji zake.

Kijiko kikachota tena Alkhamisi ya pili, na ya tatu. Ya nne, Kheiria, mkewe, alikuwa kashika chetezo anataka kufukiza vyumba, mara akaketi chini kitako, jicho la kushoto likafumba lisifumbuke, vidole vya mkono wa kulia vikajikunja vikabana, na ile harufu ikawa inamtoka mdomoni kila akipumua, hata Ishaq akajibana ukutani akisoma Ayatul Kursi, anaipoteza katikati, anaanza tena, anaipoteza tena.

Akaitwa Maalim Humam, mganga wa Hamriya. Akasoma, akanyunyiza maji ya zafarani, akauliza polepole, "Nani weye? Wataka nini? Pete? Kilemba?"

Sauti iliyomtoka Kheiria ilikwaruza. "Sitaki pete. Nataka bati liandikwe jina."

"Bati gani?"

"Muulize mumewe."

Maalim akageuka. Lo, uso wa Ishaq siku ile!

"Mke wangu atakufa?" akanong'ona.

"Unalolijua ulitoe, Bwana Ishaq. Mimi hapa sina dawa."

Basi akalitoa, analia kwa kwikwi mbele ya mkewe. "Baruti nimeihamisha mimi. Sikuandika. Sanduku lilikuwa tupu, na yule mtoto nimemsingizia." Akalivuta bati nyuma ya magunia, akaandika BARUTI. Kheiria akapiga chafya, jicho likafumbuka, akaomba maji.

"Bado mwenyewe hujamwambia," Maalim akasema.

Ishaq akapiga simu Kampala.

"Nansubuga, mwanangu, ni mimi..."

"Najua, Baba. Niliambiwa utapiga leo."

"Nani kakwambia?"

"Huyu anayekuja kila Alhamisi na kijiko chake. Ameniuliza kama nimekusamehe. Anasema nikikusamehe, hatarudi kwenu."

"Ukamjibuje?"

"Nimejaribu, Baba. Kweli nimejaribu. Lakini kila asubuhi nikijifunga kitenge kwa mkono mmoja, hasira inaanza upya. Nimemwambia bado."

Simu ikakatika. Kheiria akaiweka gilasi chini, maji hajayamaliza, na jicho lake la kushoto likafumba taratibu. Kule stoo kijiko kikaanza kuchota.