Spika ya Immakulata

Jenereta la jirani lilikuwa limeshazimwa, na Ernesta ndiyo kwanza anawasha chemli, mashine ilipolia kama imemezeshwa sarafu. Ching'! Mara moja tu. Sylvesta aligeuka akatazama waya wa umeme. Ulikuwa umekunjwa vizuri juu ya meza, mbali kabisa na ukuta.

"Umesikia?" mkewe akauliza.

"Panya," akajibu Sylvesta.

Panya, jamani! Fundi redio mzima, mtu anayejua mlio wa kila bati na kila waya, anasema panya.

Mashine yenyewe ilikuwa ya gemu, kabati refu kuliko mtu, lenye kioo cha televisheni juu, vitufe na kishikio katikati, na tundu la sarafu chini. Hamis, dereva wa lori la Kibondo, ndiye aliyeileta. Ilitoka kwenye baa moja ya Bujumbura ambayo mwenyewe aliikimbia wakati wa vita, ikakaa Kibondo kwenye stoo inayovuja hadi mchwa wakaifanya chakula. Sylvesta aliitazama mara moja tu, akatoa baiskeli yake wakabadilishana.

"Baiskeli!" Ernesta alipiga kelele siku hiyo. "Mana yanje, Mungu wangu! Baiskeli kwa kabati la mchwa!"

Lakini alikuwa na mikono, huyo bwana, tusimnyime haki yake. Aliing'oa mbao iliyooza akaweka mpya ya mninga, akaipiga msasa, akaipaka vanishi mpaka ukajiona uso. Ndani alifuata waya mmoja mmoja, akachomelea kwa risasi na chuma alichokipasha kwenye jiko la mkaa. Jioni moja, jenereta likinguruma, kioo kiliwaka, na videge vidogo vikaanza kuruka. Binti yao Elieth, aliyekuwa darasa la pili, aliruka navyo sebule nzima akiimba. Mtoto yule alikuwa haachi kuimba, hata akila.

Kilichobaki ni sauti. Spika ya mashine panya walikuwa wameitafuna, na Kasulu nzima hakukuwa na spika ya ukubwa ule.

Isipokuwa moja. Ilikuwa kwenye redio ya Immakulata.

Immakulata alikuwa mama wa Kikongo kutoka kambi ya Nyarugusu. Walipokuwa wanavuka ziwa kukimbia vita, mwanawe alipotelea kwenye msongamano, na tangu hapo mama huyu alikuwa hakosi kusikiliza redio saa za magharibi, wanaposoma majina ya watu wanaotafutwa na ndugu zao. Redio ilipozima aliileta kwenye kibanda cha Sylvesta sokoni. Ugonjwa wake ulikuwa mdogo tu, swichi imeingia vumbi. Kazi ya kupuliza na kufuta. Badala ya kupuliza, Sylvesta alifungua skrubu akachomoa spika.

Immakulata aliporudi siku ya gulio, kibanda kilikuwa kimejaa watu.

"Fundi, redio yangu inasema?"

"Imeungua, mama. Haifai tena."

Mama akamtazama. "Sema kweli, fundi. Miye sina ingine."

Watu wakageuka. Elieth alikuwa amesimama pale pale, amemletea baba yake chakula cha mchana. Sylvesta aliona macho yote yako kwake, akakasirika kama anavyokasirika mwongo anapoulizwa mara ya pili, akaweka kiganja juu ya kichwa cha mtoto.

"Haki ya mtoto wangu huyu, redio imekufa."

Kwa watu wa Kasulu, aliyeapa kwa kichwa cha mtoto haulizwi tena. Immakulata aliacha redio juu ya meza, akajifunga kitenge chake vizuri, akaondoka. Jioni ile Sylvesta aliifunga spika kwenye mashine, ikatoa sauti safi kabisa. Aibu ilimgusa kidogo, lakini akaimeza. Ndipo jenereta likazimwa, chemli ikawashwa, na sarafu ikalia.

Kesho yake Elieth aliamka sauti imekauka. Ernesta akamchemshia tangawizi. Keshokutwa alikuwa ananong'ona, na kufika mwisho wa wiki hata mnong'ono ulikwisha. Hospitalini walimmulika koo, wakasema hawaoni kidonda. Nyumba ikaanza kunuka nywele zilizoungua. Ernesta alifagia, akadeki, akaanika magodoro, lakini harufu ilikuwa pale pale, na ilizidi ukisogelea mashine.

Ulikuwa mwaka ule wa mvua za Elnino. Alasiri moja mvua ikiwa inapiga bati, Sylvesta alikuwa barazani akikwangua waya, mara akasikia Elieth anaimba sebuleni. Moyo ulimruka kwa furaha. Akatupa kisu, akakimbilia ndani huku akimwita mkewe, na pale mlangoni akasimama ghafla, kwa sababu mtoto alikuwa amekaa kwenye mkeka, midomo ameifunga, machozi yanamtiririka, anaitazama mashine iliyozima, isiyo na waya ukutani, na wimbo ulikuwa unatoka humo ndani, sauti ya mwanawe kabisa, na kile kikohozi chake kidogo katikati ya beti, ukaendelea mpaka ukafika mwisho, ukanyamaza, kisha ile sauti ikauliza taratibu, kama mtoto anayeuliza chakula:

"Baba, redio imekufa?"

Ernesta alikuwa amesimama nyuma yake, mwiko mkononi. "Sylvesta," alinong'ona, "inauliza redio gani?"

Sylvesta alirukia mashine, akafungua mlango wake wa nyuma, akaing'oa spika kwa nguvu mpaka waya zikakatika, akaishika kiganjani ikiwa haijaungwa na kitu chochote duniani, na ngozi yake ya karatasi ikatetemeka kwenye vidole vyake, yenye joto kama shavu la mtu mwenye homa, ikasema tena, "Baba, imekufa?"

Akaiangusha. Ernesta alimchukua mtoto mgongoni, mtoto mkubwa vile, akatoka naye mvuani.

Aliyeitwa ni Bwana Athuman, bwana afya wa wilaya, mtu wa Tanga. Mchana alikagua vyoo vya watu. Lakini wengi walijua kwamba kwao amerithi mambo mengine. Alikaa sebuleni, akachoma ubani, akasoma kwa sauti ya chini huku spika ikiwa imefunikwa kwa sahani. Sahani ilikuwa inagongagonga sakafuni. Akaacha kusoma.

"Ndugu yangu," alisema, "humu mna jini, na hakuingia kwa kuvunja mlango. Amekaribishwa. Uliapa kitu?"

Sylvesta alitazama chini. Ernesta, ambaye siku hizo alikuwa akilala kwa jirani na mtoto, alikuwa amekaa mbele yake na mtoto mapajani. Angeweza kuyasema mbele ya shehe, mbele ya padri, hata mbele ya polisi. Mbele ya mkewe ulimi ulikuwa mzito. Alisema hata hivyo, kwa vipande, ya swichi, ya spika, ya kiganja juu ya kichwa.

Ernesta hakupiga kelele. Alimfunika mtoto masikio, ingawa mtoto alikuwepo sokoni na aliyasikia yote.

"Nitamnunulia mama yule redio mpya," Sylvesta aliomba. "Kimyakimya. Nitampelekea mwenyewe kambini."

"Umemweka mtoto rehani," Athuman akajibu. "Jini hataki redio mpya. Ulichokisema kakirudishe pale pale ulipokisema, mbele ya waliokusikia. Mimi dua nitasoma, lakini pasipo hilo ni kelele tu."

Siku ya gulio Sylvesta alisimama mbele ya kibanda chake, amemshika Elieth mkono. Athuman alikuwa kando na tasbihi. Immakulata, aliyepelekewa ujumbe na Hamis, alikuja akiwa na kikapu chake. Watu walijaa, maana habari za mtoto kunyamaza zilikuwa zimeenea. Sylvesta aliinua ile redio juu wote waione. Jasho lilimtoka, na baridi ile ya Kasulu.

"Niliapa uongo," akasema. "Redio haikufa. Niliiibia spika."

Mtu mmoja alicheka. Wengine wakaguna. Wateja wake wa miaka yote walianza kutazama redio zao zilizopangwa kwenye rafu, na yeye aliwaona wanavyozitazama, akatamani ardhi ipasuke.

Immakulata alikuwa ametulia. "Kumbe ilikuwa nzima," alisema. "Kila magharibi banasoma majina, fundi. Miye nilikuwa ninakaa kwa mulango ya jirani, ninasikiliza kwa mbali. Kama bamemusoma mutoto wangu siku ya mvua, miye sikusikia."

Sylvesta alipiga magoti kwenye tope, akaichomelea spika redioni, akapuliza vumbi la swichi, akawasha. Redio ilikoroma. Kisha, kabla ya mtangazaji, sauti ndogo ikasema humo ndani, "Baba." Watu walikanyagana kukimbia. Athuman alipaza dua, na Elieth akakohoa, akakohoa mpaka akainama, akalia kwa sauti, sauti yake mwenyewe iliyojaa soko zima.

Immakulata aliiangalia ile redio kwa hofu, halafu akaikumbatia vilevile, akaenda zake.

Mashine waliivunja kwa shoka, wakaichoma, kioo wakakifukia. Mkewe alirudi nyumbani, lakini hakuwa tena anamwambia "nakuamini". Kibanda cha sokoni kilikosa wateja, Sylvesta akakifunga, akawa anafanyia kazi barazani kwake. Walikuja wachache, wale wasio na fundi mwingine.

Mmoja wao alikuwa Winifrida, mwalimu wa chuo cha ualimu. Alifika asubuhi moja kuulizia redio kaseti yake.

"Fundi, tayari?"

Sylvesta alikuwa hajaifungua hata skrubu moja. Nyuma ya nyumba Elieth alikuwa anaosha vyombo huku akiimba. Na ulimi, ulimi wa fundi, ukajiendea wenyewe kama ulivyozoea:

"Bado kidogo tu, mwalimu. Jana nimeshinda nayo. Njoo kesho."

Wimbo ulikatika katikati ya neno. Na sebuleni, pale ukutani palipobaki alama ya kabati, sarafu ikalia. Ching'!

"Sijaigusa!" Sylvesta alipaza sauti, ameshika kichwa. "Mwalimu, nimekudanganya, sijaigusa kabisa, nisamehe, nisamehe!"

Mwalimu Winifrida alimshangaa mtu mzima anayelia kwa ajili ya redio kaseti. Huko nyuma sufuria ziligongana, zikagongana tena, na wimbo ulikuwa bado haujarudi.